Nimejumlisha makato ya simu za nyumba nzima, kuna 14,000 haina maelezo

#1 | Baba Ilazo | 9 Machi 2024

Wakuu, habari za jioni.

Nyumbani kwangu hapa Ilazo, Dodoma, kuna laini nne zinazokula mfuko wangu: yangu, ya mke wangu, ya kijana wetu aliye kidato cha sita, na ya mama mzazi aliyeko Mpwapwa ambaye huwa namrushia vocha. Mwezi wa Februari niliweka kauntabuku juu ya friji. Kila pesa inayoingia kwenye laini yoyote, iandikwe. Kila meseji ya "umefanikiwa kujiunga", isifutwe.

Zilizoingia: 96,000. Vifurushi vyote tulivyojiunga kwa mujibu wa meseji: 82,000. Salio lililobaki tarehe 29 kwa laini zote nne halifiki hata mia tatu.

Hiyo 14,000 imekwenda wapi? Nimepiga huduma kwa wateja ya mtandao mmoja (sitautaja, wasimamizi wasije kuufunga uzi), dada wa watu kanijibu kwa upole kabisa, "ni matumizi yako mpendwa mteja". Matumizi gani, hasemi.

Msimamo wangu ni kwamba tunachotwa kidogo kidogo kwa sababu hakuna anayejumlisha. Anayebisha aje na hesabu.

#2 | Kibaigwa Original

Kidato cha sita ana simu janja na wewe unauliza pesa imekwenda wapi 😂

#3 | Wakala Sabasaba

Mimi nauza vocha na kurusha vifurushi hapa Sabasaba, malalamiko haya ndiyo chai yangu ya asubuhi. Mara nyingi mambo huwa hivi. Mtu anaweka buku mbili (2,000), anajiunga cha buku jero (1,500), jero (500) inabaki kwenye salio. Usiku simu iko kwenye chaji, data haijazimwa, kifurushi kinakata saa nane. Simu haijui kama kifurushi kimekata, inaendelea kuvuta, sasa inavuta kwenye ile jero kwa bei ya nje ya kifurushi. Asubuhi salio sifuri, anakuja kunikunjia ndita mimi.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliweka bei ya MB moja icheze kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Ukichotwa kwa bei ya juu kule, jero yako ni kama MB 53. Programu moja ikijisasisha tu, kwisha habari.

#4 | Mama Zabibu

Baba Ilazo, anza na laini ya mama. Nisikilize.

Mama mkwe wangu yuko Kondoa, anatumia kitochi, intaneti haijui. Kila nikimrushia buku, haipiti siku ananiambia imebaki mia nane na hamsini. Nikadhani anapiga simu anasahau. Nilipokwenda kumsalimia nikaomba simu nikakaa nayo uani, nasoma meseji moja moja. Sanduku limejaa mpaka linagoma kupokea. "Dondoo ya afya: kunywa maji ya kutosha leo." "Nyota yako." "Matokeo ya ligi." Halafu na wimbo wa mwito juu yake, ambao yeye mwenyewe hawezi kuusikia maana wanaousikia ni wanaompigia!

Kuna ya 150 kila siku inayokatwa salio likiwepo. Zidisha kwa siku 30, ni 4,500. Mtu asiyejua hata MB ni nini.

Alijiunga vipi? Menyu zinajitokeza zenyewe kwenye kioo, na yeye bila miwani hasomi, anabonyeza kitufe cha kijani ziondoke. Nikamuuliza, mama, hizi meseji unazitaka? Akaniambia, "Ziache mwanangu, hao watu wana adabu, wananikumbusha kunywa maji."

#5 | Kibaigwa Original

Maji ya Kondoa yana bei kuliko ya Dar 😂😂 Mwacheni bibi anywe maji yake.

#6 | Mchumi wa Mtumba

Mnahangaika na vidogo. Jibu ni kodi. Mwaka huu wa 2024 ushuru wa bidhaa ni asilimia 17, VAT asilimia 18, jumla 35. Yaani katika 96,000 yako, zaidi ya 33,000 ni serikali. Hiyo 14,000 imo humo.

#7 | Karani Mstaafu

Mchumi, hesabu hiyo ungeipeleka kwa mkaguzi angekurudishia na kalamu nyekundu. Mambo mawili.

Kwanza, asilimia hizo hazitolewi kwenye buku unayolipa, zinaongezwa juu ya bei ya kampuni. Ushuru 17 unaongezwa kwanza, kisha VAT 18 inapigwa juu ya jumla ile. Kwa hiyo katika shilingi 1,000, kampuni inabaki na kama 724, ushuru kama 123, VAT kama 153. Kodi ni 276, si 350.

Pili, na hili ndilo la maana hapa, kodi hiyo imeshamezwa ndani ya bei ya kifurushi. Ukinunua cha 1,000 unakatwa 1,000. Haiwezi kuleta tofauti kati ya pesa iliyoingia na meseji za kujiunga. Mleta uzi anauliza kilichopotea katikati.

#8 | Mchumi wa Mtumba

Na tozo je? Tozo ilianzishwa kimyakimya.

#9 | Karani Mstaafu

Kimyakimya? Nchi nzima ilipiga kelele. Tozo ya miamala ilianza tarehe 15 Julai 2021 na ilikuwa ya kutuma na kutoa pesa kwa simu. Hapa tunazungumzia vocha na vifurushi.

#10 | Fundi Majengo

Nimefungua simu nyingi za watu wanaolia wameibiwa bando. Mlio na simu za laini mbili, ingieni kwenye mipangilio ya laini. Matoleo kadhaa yana kipengele cha kuhamisha data yenyewe kwenda laini ya pili pale mtandao wa laini ya kwanza unapolegea. Laini ya pili haina kifurushi, ina salio tupu. Unaona inavyokwenda? Hapo Ilazo mtandao ukiyumba jioni, simu inaruka upande wa pili, inakula salio, inarudi. Huoni kitu.

Mengine ni yale yale. Wasap inashusha kila video ya kila kundi, kuanzia kamati ya harusi mpaka kikoba. Picha zinajipandisha mtandaoni. Programu zinajisasisha. Video ya ubora wa juu, 1080p, kwa saa moja inaweza kupita GB nzima, na kwa kioo cha inchi sita ubora wa 480p unatosha kuangalia. Fungua ukurasa wa matumizi ya data, panga mzunguko uanze tarehe moja, utaona programu ipi inakula.

Kijana wa watu mnamsingizia bure. Simu inayokula kuliko zote mara nyingi ni ya baba mwenye makundi mengi.

#11 | Msoma Kanuni

Wakala #3 kuna kitu umekiruka. Kanuni za vifurushi zilizoanza Aprili 2021 zinataka mtandao ukupe taarifa ukifikisha asilimia 75 ya kifurushi na kikifika asilimia 100, na mteja awe na hiari ya kuendelea au kutoendelea nje ya kifurushi. Jero ya mteja wako haikupaswa kuliwa bila ruhusa yake.

Tatizo ni kwamba kanuni zile zilianza tarehe 2 Aprili pamoja na bei mpya, vifurushi vikapaa, nchi ikawaka moto, bei zikaamriwa zirudi zilipokuwa. Watu wamebaki wanakumbuka kelele za bei. Haki zilizokuja na kanuni hazikupata wa kuzisemea.

#12 | Wakala Sabasaba

Msoma Kanuni, nakubali imeandikwa. Lakini njoo ukae kibandani kwangu siku moja. Mteja menyu ikimuuliza "endelea nje ya kifurushi?" anabonyeza 1 kabla hajasoma, maana anawahi kumalizia video. Ameruhusu au hajaruhusu?

#13 | Msoma Kanuni

Karatasi inasema ameruhusu. Ndiyo maana nasema akaitafute ile menyu aibadilishe.

#14 | Boda wa Nkuhungu

Mbukwenyi! Nimesoma yote, hakuna aliyetaja kukopa salio.

Mimi nakopa kila siku. Abiria anapiga, nataka kumpigia, sina salio, nakopa buku. Kwenye buku nakatwa mia na hamsini. Nikiweka vocha jioni deni linafyekwa kwanza, kifurushi hakitoshi, nakopa tena. Hizo mia na hamsini meseji yake huwa moja na hakuna anayeisoma. Baba Ilazo kagua kama mama au kijana hawakopi. Mara kumi tu kwa mwezi ni 1,500.

#15 | Mchumi wa Mtumba

Boda ungekuwa unanunua cha wiki usingekopa. Fanyeni hesabu ya kugawanya: bei gawa kwa MB. Mimi juzi cha jero kilinipa MB 110, hiyo ni shilingi 4.5 kwa MB. Cha wiki cha 5,000 kilinipa MB 1,800, hiyo ni 2.8 hivi. Mnaonunua kwa siku mnalipa zaidi ya mara moja na nusu.

#16 | Boda wa Nkuhungu

Bosi, wewe mshahara wako unaingia tarehe inayojulikana. Mimi naamka na tanki la mafuta la kujaza na hesabu ya tajiri. Buku tano ya asubuhi naitoa wapi niifungie kwenye simu? Cha jero ni ghali nakijua ni ghali.

#17 | Karani Mstaafu

Boda ana hoja, na niongeze. Hiyo 2.8 ya Mchumi ni kama atamaliza MB zote kabla ya wiki. Zikibaki 900 zikafa na muda, amelipa 5.6. Kifurushi cha muda mrefu ni nafuu kwa anayekimaliza.

Na mnaolinganisha cha wiki na cha mwezi msizidishe kwa nne. Wiki nne ni siku 28. Kwa mwaka cha wiki utakinunua mara 52, cha mwezi cha siku 30 ni kama mara 12 tu.

#18 | Kijana wa UDOM

Wakubwa shikamooni. Kuna jamaa Telegram anauza GB 20 kwa buku tatu mtandao wowote, unamtumia pesa na namba yako anakurushia. Kuna aliyejaribu?

#19 | Wakala Sabasaba

Marahaba. Mwanangu, umeliwa au unataka kuliwa? Namba yake itume 15040, ndiyo ya kuripoti matapeli.

#20 | Kijana wa UDOM

Nilikuwa nauliza kwa niaba ya rafiki 😅

#21 | Shemeji wa Bahi

Mnazunguka mbuyu. Mtandao ukikuzingua, HAMA. Tangu Machi 2017 unahama na namba yako ile ile. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka na kitambulisho, unatuma neno HAMA kwenda 15080, umemaliza. Mimi nimehama, nimepumzika.

#22 | Mama Zabibu

Shemeji, sema na upande wa pili. Salio na pesa yako ya simu haviendi na wewe, vinabaki kule. Toa kwanza. Kama una mkopo wa simu, ulipe kwanza. Na ukishahama huwezi kurudi kesho yake, mpaka zipite siku 30. Mdogo wangu alihama kwa hasira, kijijini kwao Chamwino mtandao mpya unashika ukiwa umesimama juu ya kichuguu. Mwezi mzima alikuwa anapigiwa simu kichuguuni.

#23 | Shemeji wa Bahi

Angalau alifanya mazoezi.

#24 | Fundi Majengo

Kuhama hakutibu. Video za kikoba atahama nazo.

#25 | Mkazi Kisasa

Kwangu nilichoka nikavuta faiba, intaneti ya waya. Kila mwezi bei moja, watoto wanaangalia mpaka wanachoka, simu zetu tunaweka vifurushi vya dakika tu. Baba Ilazo kama katika 82,000 yako sehemu kubwa ni MB, ulizia kama nguzo zimefika mtaani kwako. Mimi sijutii.

#26 | Kibaigwa Original

Na umeme ukikatika?

#27 | Mkazi Kisasa

Raouta inazima, tunakaa tunaongea kama familia. Mwezi uliopita na ule mgao tuliongea sana.

#28 | Mzee wa Makole

Vijana, enzi za Shirika la Posta na Simu ofisini kwetu tulikuwa na simu ya kuzungusha. Bosi aliweka kufuli dogo kwenye tundu la kuzungushia namba, ufunguo anaondoka nao. Ankara ikija, mhasibu anaita mmoja mmoja: nani alipiga Tabora? Ulikuwa unajua nani kakula nini. Nyie mna kompyuta mfukoni na hamjui.

#29 | Boda wa Nkuhungu

Mzee shikamoo. Hilo kufuli tunaweza kulipata wapi kwa ajili ya simu za wake zetu?

#30 | Mzee wa Makole

Marahaba. Anza na ya kwako.

#31 | Msoma Kanuni

Mzee #28 kagusa pale pale. Hakuna ankara. Aliye kwenye malipo ya kabla hapewi karatasi ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo mzigo wa kutunza ushahidi umehamia kwake. Baba Ilazo, nenda duka la mtandao na kitambulisho, omba orodha ya makato ya laini husika. Sema "orodha ya makato", usiseme "naibiwa". Wasipokujibu ya maana, andika lalamiko upewe namba ya kumbukumbu, ndipo uende TCRA. Ofisi yao ya Kanda ya Kati ipo hapa hapa Dodoma. Ukienda TCRA bila kuanza kwa mtoa huduma watakurudisha.

Kabla ya kwenda piga *106# kwenye kila simu, uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Huko dukani hawampi mtu taarifa za laini isiyo na jina lake.

#32 | Mama Zabibu

Hilo la jina ni kweli tupu. Laini ya mama mkwe ilisajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji yangu aliyeko Singida. Dukani wakagoma kutoa hata neno moja. Tulimsubiri shemeji mpaka Pasaka.

#33 | Baba Ilazo | 16 Machi 2024

Wakuu nimerudi na mrejesho, asanteni.

Laini ya mama ilisajiliwa kwa jina langu, bahati nzuri. Mama Zabibu, ulichosema ndicho. Kwenye orodha kuna huduma mbili za meseji, moja 150 kwa siku, nyingine 100 kila zinapopita siku tatu. Jumla yake kwa Februari ni kama 5,300. Nimezifuta pale pale dukani mbele ya macho yangu. Nilipouliza nani aliziunga, jibu ni "zimeungwa kutoka kwenye simu ya mteja". Nilipoomba nirudishiwe, nimeambiwa niandike barua. Nimeandika, namba ya kumbukumbu ninayo.

Laini ya kijana: alikopa salio mara kadhaa, ada zake zimefika 1,800. Nimezungumza naye.

Laini yangu na ya mke wangu ndipo penye mgogoro. Kuna 6,000 na ushee imeandikwa "matumizi ya data" nje ya kifurushi. Nyingi ni kati ya saa saba na saa kumi usiku, na mafungu yake ni madogo madogo, arobaini, sitini, mia na kumi. Mimi saa hizo nimelala, na mke wangu anazima data kabla ya kulala, namwona.

#34 | Fundi Majengo

Kuzima data ya laini ya kwanza kunazima na ya pili? Kuna simu zina vitufe viwili. Lete simu Majengo niione, bure.

#35 | Wakala Sabasaba

Saa saba hadi saa kumi ndipo vifurushi vingi vya saa 24 vilivyonunuliwa usiku vinapokata. Nimesema tangu #3.

#36 | Baba Ilazo

Wakala, vya kwetu sisi wawili ni vya wiki, na tunanunua mchana.

#37 | Wakala Sabasaba

Hapo sasa sijui. Fundi mwangalie.

#38 | Mchumi wa Mtumba

Au saa za kwenye orodha si saa zenu. Mitambo mingine inaandika saa ambayo hesabu ilifungwa, si saa ulipotumia. Unaweza kuwa umetumia saa nne usiku ikaandikwa saa nane.

#39 | Msoma Kanuni

Inawezekana, lakini wao ndio wenye mitambo, wao ndio waeleze. Kwenye barua yako ongeza swali hilo hilo: saa hizi ni za kutumia au za kuandika? Na je, ujumbe wa asilimia 100 ulitumwa saa ngapi? Wakijibu la pili, la kwanza litajijibu.

#40 | Kibaigwa Original

Mimi bado niko na kijana wa kidato cha sita. Saa saba usiku nani mwingine yuko macho ndani ya nyumba, na nani anajua kuunga hotspoti kwenye simu ya baba?

#41 | Baba Ilazo

Kijana yuko bweni mkuu. Simu yenyewe anaishika likizo, Februari nzima alikuwa anakopea kwenye laini akitumia kitochi cha matroni.

#42 | Boda wa Nkuhungu

Kumbe na matroni ana kitochi cha kukopea! Nchi ngumu hii.

#43 | Shemeji wa Bahi

Wakuu swali la pembeni. Zile meseji za benki za "akaunti yako imepungua", tunazilipia kwenye salio la simu au kwenye akaunti?

#44 | Karani Mstaafu

Kwenye akaunti. Omba taarifa ya miezi mitatu, tafuta mstari wa ada ya SMS, ujumlishe. Halafu fungua uzi wake, huu tumwachie Baba Ilazo na barua yake.